Tunanunua kituo cha hali ya hewa cha kiwandani: tuchague kipi, na kukitunza kukoje?

#1 ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Niko idara ya matengenezo kiwandani. Tuna yadi ya wazi yenye malundo ya malighafi inayotimua vumbi, tuna kreni ya mnara kwenye eneo la upanuzi, na paneli za sola zimejaa juu ya paa la ghala. Wakubwa wameamua tuwe na kituo chetu cha kupima hali ya hewa, na kazi ya kuandika mahitaji imeniangukia mimi.

Nimeletewa vipeperushi vitatu. Vyote vinaimba wimbo mmoja: usahihi wa hali ya juu, hakihitaji matengenezo, data unaiona kwenye simu. Bei zinapishana mbali mno na sioni tofauti iko wapi. Aliyewahi kufunga au kutunza mitambo hii anishushie nondo, nisije nikanunua pambo la paa.

#2 MkaaPembeni

Swali zuri. Ngoja waje wajuzi, mimi nimeshatandika mkeka hapa.

#3 MlingotiMrefu

Mkuu, vipeperushi viweke kando kwanza. Andika ni uamuzi gani utafanywa kwa kutazama namba za hicho kituo, nani ataufanya, na ana muda gani wa kuufanya. Ukimaliza utaona kwamba una mahitaji matatu, na hayapatani.

Kreni. Opereta anataka kujua upepo wa sasa hivi, pale juu alipo, na anataka kengele. Kikomo cha upepo anakipata kwenye kitabu cha mtengenezaji wa kreni, si kwa makadirio ya msimamizi. Wastani wa dakika 10 haumsaidii kitu, maana kinachoyumbisha mzigo ni lile pigo la upepo la sekunde 3. Tena sensa (kifaa kinachohisi na kupima) iliyo mita 10 kutoka ardhini haijui yanayotokea huko juu. Kwa kanuni ya haraka inayotumika sana kwenye eneo tambarare (uwiano wa vimo kwa kipeo cha moja ya saba), upepo wa mita 10 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 10 unafika karibu mita 13 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 60. Ukiona tofauti hiyo ni ndogo, kumbuka nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo msukumo umeongezeka kwa karibu asilimia 70. Kreni iwe na anemomita yake, yaani kipima kasi ya upepo, juu yake, na namba zisomeke kabini. Iondoe kabisa kwenye hesabu za kituo.

Vumbi. Hapa mambo ni kinyume. Hakuna dharura ya sekunde, kuna kumbukumbu. Siku majirani wakilalamika kwamba vumbi lililotua kwao ni lenu, utaulizwa upepo ulitoka upande gani na kwa kasi gani saa ile, miezi mingi nyuma. Unahitaji wastani safi wa mwelekeo na kasi, usio na mapengo. Na upepo unaokupa shida ya uchafuzi wa hewa mara nyingi ni ule hafifu, hewa inapotulia na kila kitu kinabaki palepale. Kwa hiyo usishangazwe na kipeperushi kinachosema "hupima hadi mita 75 kwa sekunde". Uliza vikombe vya anemomita, vile vinavyozungushwa na upepo, vinaanza kuzunguka upepo ukifika kasi gani. Vikizembea kuamka, usiku mzima wa upepo mwanana utaandikwa sifuri.

Sola wako watakaoiongelea vizuri kuliko mimi.

Kuhusu huo "usahihi wa hali ya juu": ile nyuzi joto 0.2 kwenye kipeperushi ni ya sensa tupu ikiwa maabara. Huku nje sensa inakaa ndani ya zile sahani nyeupe zilizopangana, na jua likiwa kali bila upepo, hewa humo ndani hupata joto na kipimo kinaweza kupanda nyuzi nzima au zaidi. Kama joto lina uzito kwenye maamuzi yenu, nunueni kinga yenye feni inayovuta hewa, na hiyo feni iingie kwenye ratiba ya matengenezo, kwa sababu itakufa siku moja na hakuna atakayejua.

#4 UzioWaNje

Nakazia kwa MlingotiMrefu, ila kabla ya aina ya kifaa kuna mahali pa kukiweka. Kituo cha hadhi kikiwekwa pabaya kinashindwa na cha kawaida kilichowekwa pazuri, kila siku.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lina mwongozo wake wa vipimo, chapisho namba 8, na ndio unaofuatwa na karibu kila mtu. Upepo: mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, na umbali kutoka kikwazo chochote usipungue mara 10 ya kimo cha hicho kikwazo. Joto na unyevu: kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi yenye majani au udongo wa asili, si zege wala lami. Kipima mvua kikae mbali na chochote kinachokatisha matone au kuyarushia maji. Mwongozo unapanga maeneo kwa madaraja, la 1 ndilo bora na la 5 ndilo la mwisho, na kila kipimo kina daraja lake. Kituo kimoja kinaweza kuwa daraja la 2 kwa mvua na la 5 kwa upepo.

Mafundi wengi wanakimbilia paa la ofisi kwa sababu waya ni mfupi. Pale juu upepo unapanda ukutani na kuongeza kasi ukingoni mwa paa, bati linachemsha sensa ya joto, na ukikosa bahati kuna bomba la kutolea hewa ya moto mita chache pembeni. Nimewahi kukuta kituo kimefungwa jirani na mnara wa kupozea maji. Unyevu ulikuwa juu mwaka mzima, kiangazi na masika, na watu walikuwa wanaupeleka kwenye ripoti.

#5 ZamuYaUsiku

Asanteni sana. Sasa ghala letu lina kimo cha mita 12. Kwa hesabu hiyo nahitaji mita 120 za wazi kila upande. Kiwanda kizima hakina nafasi hiyo!

#6 MlingotiMrefu

Karibu hakuna kiwanda chenye nafasi hiyo, usiogope. Cha kwanza, hakuna sheria inayosema sensa zote zikae kwenye mlingoti mmoja. Upepo upeleke pembezoni mwa eneo, upande ambao upepo wa kawaida unaingilia, kabla haujavurugwa na majengo. Joto, unyevu na mvua viweke penye kipande cha ardhi tulivu. Pakibana zaidi, refusha mlingoti ili sensa ipande juu ya mvurugiko wa paa, kisha uandike kimo halisi ili atakayetumia data asidhani ni mita 10.

Cha pili, andika hali ilivyo bila kuipamba. Daraja la kila kipimo, picha kuelekea kila upande kutoka pale sensa ilipo, kimo, tarehe ya kufungwa, namba ya kila sensa. Mkijenga silo mpya mwakani, picha hizo ndizo zitakazoeleza kwa nini upepo wa upande ule umepungua ghafla.

Na tafadhali, kaskazini. Fundi anashika dira chini ya mlingoti wa chuma, anaelekeza sensa kwa macho, anashuka. Chuma kinavuta sindano, na hata pasipo chuma, kaskazini ya dira na kaskazini halisi hazilingani sehemu nyingi duniani. Chagua alama ya mbali inayoonekana kutoka mlingotini, mnara au kilele cha kilima, pata mwelekeo wake halisi kwa GPS au ramani, kisha uigeuzie sensa. Kosa la nyuzi 15 linatosha kulihamisha vumbi lenu kwa jirani mwingine.

#7 Mbishi_Halisi

Samahani wakuu, mbona mnakuza mambo? Simu yangu inaonyesha upepo, mvua, joto, mpaka kesho kutwa. Bure.

#8 UzioWaNje

Mkuu, simu yako haijapima chochote. Namba ile imetoka kwenye modeli ya kompyuta inayogawa dunia kwa viboksi vyenye upana wa kilomita kadhaa, ndani ya kiboksi chako kuna kiwanda kizima, mto na vilima viwili. Kwa kupanga kazi ya kesho itumie, hata mimi naitumia. Kwa kujibu upepo ulivuma upande gani yadini saa nane usiku, haifai.

#9 Jua_Kali_Pwaa

Nimeitwa kwenye sola, nimefika.

Kipimo kinachobeba kila kitu hapa ni mnururisho wa jua, na kifaa chake ni piranomita. Kiwango cha kimataifa ni ISO 9060. Toleo la 2018 linavipanga kwa daraja A, B na C. Kwa ufuatiliaji wa mitambo ya sola kuna IEC 61724-1, nayo inakueleza ufuatiliaji wa kiwango gani unataka kifaa cha daraja gani. Zipo pia sensa ndogo za silikoni. Zinaitikia haraka, ila hazioni mwanga wa rangi zote kwa usawa, kwa hiyo mawingu na jua la asubuhi vinazichanganya kidogo.

Piranomita moja ilazwe sawa na mteremko wa paneli. Ukiweza pata na ya pili iliyolala mlalo kamili, itakusaidia kulinganisha na rekodi za wengine. Weka na sensa ya joto mgongoni mwa paneli, maana paneli ikichemka uzalishaji unashuka hata jua likiwa tele.

Sasa sikilizeni hili, maana linawaponza wengi. Kuba la kioo la piranomita likishika vumbi, kifaa kinaripoti jua dogo kuliko lililopo. Mtu anagawanya umeme uliozalishwa kwa jua lililopimwa, uwiano unapanda, ripoti inapendeza. Kumbe paneli nazo zimechafuka vilevile, na wala hakuna anayetumwa kuzifuta. Uchafu wa kifaa umeuficha uchafu wa mtambo. Penye vumbi kama kwenu futa kuba kila wiki, kitambaa laini na maji safi, andika saa uliyofuta, kisha tazama grafu iliruka kiasi gani baada ya kufuta. Huo mruko wenyewe ni kipimo cha uchafu. Mkiwa hapo angalieni na kiputo cha kupimia usawa, na zile punje za kunyonya unyevu. Zikibadilika rangi, badilisheni. Kalibresheni, yaani kulinganisha kifaa na kipimo sanifu, ni kila mwaka au miaka miwili, kufuatana na kiwango mlichochagua.

#10 Waya_Mbili

Mimi ni mtu wa umeme na mawasiliano, nitagusa yangu.

Ukitumia sensa zinazotuma kipimo kwa mkondo wa umeme, dai 4 hadi 20 mA (miliampea). Sifuri ya kipimo ni 4 mA, kwa hiyo waya ukikatika loga (kifaa kinachorekodi data ya sensa) inaona 0 mA na inajua kuna hitilafu. Kwenye mfumo unaoanzia volti 0, waya uliokatika na siku isiyo na upepo vinafanana kabisa. Kwa masafa marefu ndani ya kiwanda, waya wa data wa aina ya RS-485 wenye lugha ya mawasiliano ya Modbus unafika hadi mita 1,200 kwa kasi ndogo, na mitambo yenu ya udhibiti bila shaka inauelewa tayari. SDI-12, njia nyingine ya kuunganisha sensa, ni nzuri na haili umeme, ila waya wake ni mita 60 hivi, basi.

Mlingoti ndio kitu kirefu kilichosimama peke yake, radi itautafuta. Ethi ya mlingoti (waya wa kupeleka umeme ardhini) iungwe na ethi ya jengo ziwe mtandao mmoja, waya wa data uwe na kinga ya radi ncha zote mbili, na mkiweza pitisheni data kwa nyuzi za kioo ili pasiwe na shaba kati ya mlingoti na chumba cha udhibiti. Kisanduku kiwe IP66 (daraja la kuzuia vumbi na maji) au zaidi, na matundu ya waya yaangalie chini. Betri ihesabiwe kwa siku za mawingu mfululizo, si kwa siku ya jua la kipeperushi.

La mwisho, na hili nina donge nalo: data ihifadhiwe kwenye loga yenu, ndani ya kiwanda, kabla ya kwenda popote. Kuna mahali tulifungiwa mfumo ambao data yote ilikuwa kwenye seva za muuzaji. Ada ya mwaka ilipochelewa akaunti ikafungwa, na rekodi za nyuma tukawa tunaziomba kama msaada. Dai data ghafi kwenye faili la kawaida ambalo programu yoyote inalisoma, na saa ya loga ijirekebishe yenyewe kwa GPS au mtandao.

#11 Kipimo_Mama

Nimesoma uzi wote, mko vizuri. Mimi kazi yangu ni kuzunguka kwenye hivi vituo na begi la zana, nitaongelea utunzaji. Hicho kipeperushi cha "hakihitaji matengenezo" kifungie maandazi.

Kipima mvua cha vijiko pacha vinavyopinduka ndicho kinachodanganya kimyakimya zaidi. Jani moja au utando wa buibui kwenye shingo ya faneli na mvua yote inaishia humo, skrini inaonyesha 0.0 kwa utulivu kabisa. Kukijaribu ni rahisi. Faneli yenye kipenyo cha mm 200 ina eneo la sentimita mraba 314, kwa hiyo kama kila pinduko ni mm 0.2, kijiko kinashika ml 6.28. Pima maji ml 628, yadondoshe taratibu kwa nusu saa hivi kutoka kwenye chupa yenye tundu dogo, unatakiwa kuhesabu mapinduko 100. Ukiyamwaga kwa pupa utapata pungufu, kwa sababu maji yanaendelea kuingia wakati kijiko kiko njiani kupinduka. Ndiyo sababu mvua kubwa sana hupimwa pungufu, na loga nzuri zina sahihisho la hilo. Kabla ya kumwaga, weka loga kwenye hali ya matengenezo. Usipofanya hivyo umeingiza mm 20 za mvua kwenye siku ya jua, na mwaka ujao kuna mtu atazikuta kwenye jumla.

Anemomita ya vikombe: zungusha kwa kidole siku isiyo na upepo, uiache isimame yenyewe. Inatakiwa ilegee taratibu. Ikikwama ghafla au ukisikia mkwaruzo, beringi zimeisha. Usisubiri hadi hapo lakini, hesabu kila mwezi saa zilizoandikwa sifuri. Zikiongezeka mwezi hadi mwezi bila majira kubadilika, beringi zinazeeka. Anemomita ya sauti, inayopima upepo kwa mawimbi ya sauti, haina kinachozunguka, ndiyo faida yake kubwa, ila ndege wanaipenda kupumzikia. Weka miiba yake, na ufute vinyesi kwenye vile vichwa.

Sensa ya unyevu ndiyo inayochakaa haraka kwenye vumbi na kemikali. Kofia yake ya kichujio ikiziba, mvua inakatika na yenyewe inabaki asilimia 100 hadi mchana. Kuihakiki, chumvi ya kawaida iliyolowana hadi haiyeyuki tena, ndani ya chupa iliyozibwa, inatengeneza hewa yenye unyevu wa asilimia 75 kwa nyuzi 25. Acha sensa humo mpaka namba itulie, bila kugusa maji ya chumvi. Ikisoma 68, peleka maabara.

Baromita, kipima mgandamizo wa hewa, haisumbui, watu ndio wanaisumbua. Mtu analinganisha na uwanja wa ndege wa karibu, anakuta tofauti ya hPa (hektopaskali) 100, anapiga simu kwamba imekufa. Uwanja umetangaza mgandamizo ulioshushwa hadi usawa wa bahari, kituo chake kipo mita 1,000 juu na kinasema mgandamizo wa hapo kilipo. Vyote viko sahihi.

Kwa kalibresheni, nunueni seti mbili za sensa zinazochakaa. Moja iko mlingotini, nyingine iko maabara au kabatini na cheti chake, mnabadilishana. Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, na cheti kionyeshe sensa ilikuwa inasoma nini ilipofika, kabla hawajaigusa. Bila hiyo namba hujui data ya miezi iliyopita ilikuwa imepotoka kiasi gani, una cheti cha ukutani tu.

#12 Afya_Kazini

Msisahau wafanyakazi. Joto la hewa pekee halitoshi kuamua mapumziko ya watu wanaobeba mizigo juani. Kiwango cha ISO 7243 kinatumia kipimo cha mzigo wa joto mwilini kiitwacho WBGT. Nje juani ni sehemu 0.7 ya joto la balbu nyevu (kipimajoto chenye utambi uliolowa), 0.2 la tufe jeusi (kipimajoto ndani ya tufe linalonyonya joto la jua) na 0.1 la hewa. Mkitaka kituo kitoe namba hiyo, tufe la mm 150 liwemo kwenye oda tangu mwanzo. Na utambi wa balbu nyevu unataka maji yaliyochujwa kwa mvuke. Ukitiwa ya bomba unajaa chokaa na kipimo kinapanda bure.

#13 MkaaPembeni

Mkeka sikuutandika bure. @Waya_Mbili, mwelekeo wa upepo unapataje wastani? Wetu unaonyesha upepo wa kusini kila mara na bendera zinasema kaskazini.

#14 Waya_Mbili

Programu ya loga yenu inajumlisha na kugawa kama namba za kawaida. Nyuzi 350 na nyuzi 10 zote ni kaskazini, ukizijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 180, kusini kabisa. Mwelekeo unatafutiwa wastani kwa vekta, yaani kila kipimo kinachukuliwa kama mshale na mishale ndiyo inayojumlishwa. Ni kubadili mpangilio tu, hakuna cha kununua. Data ya zamani mkiwa na vipimo ghafi mnaikokotoa upya. Mkiwa mlihifadhi wastani peke yake, hiyo imekwenda.

#15 ZamuYaUsiku

Wakuu, Mungu awabariki. Nimeandika upya mahitaji: kreni imetoka, mlingoti wa upepo pembezoni, piranomita mbili, tufe jeusi, seti ya pili ya sensa. Swali la mwisho: siku ya kukabidhiwa nitajuaje kwamba nimepewa nilichoagiza?

#16 Kipimo_Mama

Usisaini siku hiyohiyo mtambo unapowashwa. Kipande cha mwisho cha malipo kifungwe na majaribio yanayofanyika mbele yako. Wamwage ml 628 uhesabu. Washike kishale cha upepo kwenye pande nne na namba iende 0, 90, 180, 270. Wachomoe waya wa kila sensa mmojammoja, skrini ionyeshe hitilafu na wala si sifuri. Wazime umeme wa kiwanda uone betri inashikilia. Wakate mtandao kwa saa kadhaa, wakiurudisha data ya saa zile iwe imo. Wakupe nywila zote, vyeti vyenye namba zinazolingana na zilizochapwa kwenye sensa zenyewe, na mchoro wa nyaya kama zilivyofungwa, si kama zilivyopangwa.

Kisha jina la mtu. Kwenye karatasi ya makabidhiano aandikwe anayefuta kuba kila wiki na anayeshika zamu yake akienda likizo. Na umpe ngazi yake mwenyewe, maana ya kuazima idara nyingine utaisikia iko ghalani mpaka mwezi unaisha.